Mzigo wa Mtoto Safarini

Mwezi huu twapenda kunena nanyi habari ya jambo ambalo machoni pa wengi ni dogo, yaani namna ya kufunga mzigo wa mtoto mchanga anapotolewa nyumbani. Labda mmoja wenu atasema, "Je, jambo hili nalo lataka kuandikwa? Mama zetu walibeba watoto pasipo kusoma gazeti." Ni kweli walibeba, tena walibeba kwa akili nyingi. Lakini watoto wengi waugua njiani, au siku chache baada ya kurudi, wala si kwa sababu wazazi wao hawawapendi. Aghalabu kitu kidogo kimekosekana saa ile kilipotakiwa: kipande cha sabuni, kikombe safi, fulana ya sufu, au chandarua.

Nasi tumeona ya kuwa mzigo wa mtoto hukosewa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuufunga kwa ajili ya macho ya watu. Mfuko hujazwa magauni ya lesi, viatu vya mtoto asiyejua kusimama, poda na manukato, ili jamaa wakipokea mtoto waseme, "Kweli huyu ametunzwa." Njia ya pili ni kuufunga kwa hali ya hewa ya mlangoni. Mama atazama nje, aona jua, naye humvika mtoto nguo ya jua na kuondoka, pasipo kujiuliza jioni atakuwa wapi.

Basi neno letu lote la leo ni hili: mzigo wa mtoto hufungwa kwa kufikiri njia na mwisho wa njia. Mtu akilishika neno hilo moja, mengine yote yatafuata yenyewe.

SAFARI MOJA KWA MFANO

Ili tusinene maneno matupu, na tuchukue safari moja ya kweli. Watu wengi wa Usambara wana jamaa zao Tanga, na wa Tanga wana jamaa zao Lushoto. Atokaye Tanga asubuhi hupita Muheza penye machungwa mengi, kisha Segera, kisha Korogwe, hata afike Mombo. Mpaka hapo nchi ni ya joto. Kutoka Mombo gari huiacha barabara kuu, likaanza kupanda mlima kwa njia ya kupindapinda, likapita Soni, hata Lushoto. Njia hii ya mlimani ni kilometa 30 na zaidi kidogo tu, lakini mwisho wake ni mahali palipo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai mtu aliyetokwa na jasho pale Mombo hutetemeka kwa baridi Lushoto jioni ile ile.

Reli itokayo Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Siku zile wengi walioshuka pale walipanda mlima kwa miguu, mama akiwa na mtoto katika mbeleko na furushi kichwani. Furushi lile halikuwa na nafasi ya kitu kisicho na kazi, kwa kuwa kila kilichomo kilipandishwa mlima kwa shingo ya mtu. Leo gari latubebea mizigo, nasi twajaza tu. Yafaa turudie desturi ile ya kukiuliza kila kitu kabla hakijaingia: "Wewe utafanya kazi gani njiani?" Kisichoweza kujibu na kibaki nyumbani.

MFUKO WA MKONONI

Asafiriye kwa basi ajue ya kuwa mizigo yake ni miwili. Mfuko mkubwa huingia katika buti la basi, wala haufunguliwi hata mwisho wa safari. Mfuko mdogo hukaa mapajani au miguuni. Mara nyingi mama huweka nepi zote katika mfuko mkubwa, na mtoto akichafuka Segera hana la kufanya hata Korogwe. Wazee walisema, "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Haya, mzito mpe, lakini ule mdogo wa mtoto usimpe mtu yeyote.

Katika mfuko huo mdogo viwekwe vitu vya safari nzima, pamoja na vya saa chache zaidi, maana magari huharibika. Tena vipangwe kwa taratibu: kitakachotakiwa kwanza kiwe juu. Nguo safi zifungwe kila jozi peke yake, fulana na suruali na nepi pamoja, zikunjwe ziwe kibunda kimoja. Mtoto akichafuka, mkono mmoja wamshika, na mkono wa pili watoa kibunda kimoja tu, pasipo kupekua mfuko mzima mbele ya abiria.

CHAKULA

Mtoto asiyetimiza miezi 6 mzigo wake wa chakula ni mwepesi kuliko yote, maana chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Shirika la Afya Duniani lafundisha ya kuwa mtoto wa umri huo hahitaji hata maji, ijapokuwa jua ni kali, kwa sababu maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Ajapo bibi mwema garini na kusema, "Mpe maji kidogo, koo limemkauka," mama amshukuru kwa adabu, kisha amnyonyeshe mtoto. Maji yale ya njiani ndiyo mlango wa ugonjwa wa kuhara.

Lakini anyonyeshaye naye ni mtu. Basi katika mfuko wa mtoto kuwe na chupa ya maji safi ya kunywa mama, na chakula chake cha kumshibisha, kwa kuwa yeye ndiye jiko na chungu cha mtoto. Twawaona wanaume wakinunua mihogo na soda kwa ajili ya nafsi zao, na mama aliye na mtoto kifuani akikaa na kiu hata Mombo. Jambo hili si la busara.

Wakati gari lipandapo mlima, masikio ya watu wazima huziba, nao humeza mate yakafunguka. Mtoto hajui kufanya hivyo, naye hulia. Mama amnyonyeshe wakati wa kupanda, maana katika kunyonya mna kumeza, na masikio yake yatafunguka.

Mtoto aliyepita miezi 6 huendelea kunyonya, tena hula vyakula laini. Hapa ndipo penye hatari. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya muda wa saa 2 mahali pasipo ubaridi wa jokofu, na katika joto kali lizidilo nyuzi 32 za Selsiasi kisizidi saa 1. Kwa hiyo uji uliopikwa alfajiri ukatiwa katika kopo haufai kuliwa adhuhuri, ijapokuwa haujabadilika harufu, kwa maana vijidudu huzaliana humo pasipo kuonekana. Uji ukichukuliwa, utiwe wa kuchemka katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwanza kwa maji ya moto, upate kukaa moto sana hata saa ya kulisha, kisha upozwe katika kikombe. Lakini chakula kilicho bora cha njiani Mungu amekifunga mwenyewe: ndizi mbivu katika ganda lake, na parachichi katika gome lake. Mama hunawa mikono, humenya, huponda kwa kijiko, hulisha, na kinachosalia hutupwa. Matunda yaliyokwisha kumenywa na kukatwa, yauzwayo madirishani, yasipewe mtoto, maana hatujui yalioshwa kwa maji gani.

Wako pia watoto wasionyonya, labda kwa kufiwa na mama au kwa sababu ya ugonjwa, nao hupewa maziwa ya unga ya kopo. Mlezi wao asichanganye maziwa nyumbani akayabeba. Achukue unga mkavu uliokwisha kupimwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, na maji ya moto katika chupa ya chai, ayachanganye saa ya kunywesha. Maji yawe ya moto wa nyuzi 70 au zaidi, yapate kuua vijidudu vilivyomo katika unga, kisha maziwa yapozwe kabla ya kunywewa. Yasiponywewa katika muda wa saa 2, yamwagwe. Tena kikombe kidogo na kijiko ni bora kuliko chupa yenye chuchu, kwa sababu kikombe huoshwa kikaonekana safi, bali chuchu ya mpira huficha uchafu ndani yake.

USAFI

Nepi, ambazo wengine huziita winda, huhesabiwa hivi: moja kwa kila muda wa saa 2 wa safari, kisha huongezwa 2 za akiba. Safari ya muda wa saa 6 yataka nepi 5. Kama ni za kitambaa, zichaguliwe zilizofuliwa na kukauka sawasawa juani. Kama ni zile za kutupa, ziitwazo pampasi, zisirushwe dirishani wala zisitupwe chooni, maana hazioozi upesi, nazo huziba vyoo vya watu. Zikunjwe, zitunzwe, zitupwe penye taka.

Labda mtu atauliza, "Zitunzwe katika nini?" Ni swali jema, maana ile mifuko miepesi ya plastiki ya kubebea vitu tuliyoizoea haipo tena kwa halali. Rwanda waliikataza mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Atokaye Tanga kwenda Mombasa kwa njia ya Horohoro asijitie katika taabu mpakani kwa ajili ya nepi chafu. Ashone mfuko wa kitambaa kizito wenye kamba ya kukaza mdomo, au achukue kopo jepesi lenye kifuniko kinachofunga vema. Mifuko iwe miwili, ya rangi mbalimbali: mmoja wa nguo safi, mmoja wa nguo chafu. Hata mtoto mkubwa aliyetumwa hatakosea.

Kisha sabuni. Kama twalazimishwa kutaja kitu kimoja tu kinachosahauliwa kuliko vyote, twataja sabuni. Mama hubadilisha nepi, hufuta mkono kwa kitambaa, kisha kwa mkono ule ule hummenyea mtoto ndizi. Basi kipande kidogo cha sabuni katika kisanduku chake, na chupa ya maji ya kunawa iliyotiwa alama ili isichanganywe na maji ya kunywa, visikose. Mmoja amwage maji, mwenzake anawe. Ile dawa ya kujipaka mikononi yasaidia pasipo maji, lakini haiondoi kinyesi kilichoshika mkononi kama sabuni iondoavyo.

NGUO NA KANGA

Kanuni ya nguo ni rahisi: mtoto mchanga avikwe kama mtu mzima alivyovaa mahali pale, na nguo moja nyepesi zaidi. Neno kubwa hapo ni "mahali pale". Tanga na Korogwe fulana moja ya pamba yamtosha. Walakini fulana ya sufu, soksi na kofia viwe juu katika mfuko wa mkononi, navyo vivaliwe wakati wa kuanza kupanda mlima, kabla mtoto hajapoa. Mwenye kungoja hata Lushoto, na nguo za sufu ziko katika buti, atamshusha mtoto katika ubaridi wa jioni akiwa na jasho kavu mgongoni. Kadhalika ashukaye kutoka mlimani amvue mtoto sufu njiani, asimpikie ndani ya nguo. Mtoto aliyepata joto kupita kiasi huwa mwekundu au hulegea, hupumua upesi, na shingo yake huwa na jasho.

Sasa twaja kwenye kanga. Hatujui kitu kingine chenye uzito mdogo na kazi nyingi kama doti moja ya kanga. Kipande kimoja ni mbeleko. Cha pili ni shuka ya kumlaza, ni pazia la kunyonyeshea, ni taulo, ni kivuli cha dirishani jua liingiapo, na ikibidi ni nepi. Anayechukua doti mbili amechukua nyumba. Kanga ya pamba tupu ndiyo ifaayo, maana hunyonya maji. Ile ya nyuzi za plastiki huteleza wala hainyonyi.

Lakini kuna maonyo mawili. La kwanza, usimfunike mtoto uso kwa kanga ili kumkinga na vumbi au jua. Chini ya nguo ile hewa hupungua na joto huzidi, naye hawezi kuiondoa. Kivuli kiwe mbali na uso wake, na mama auone uso huo kila wakati. La pili, mtoto ambaye shingo yake haijakaza abebwe kifuani, kichwa kikitegemezwa na kidevu kisibane kifua, ili njia ya pumzi iwe wazi. Mgongoni ni mahali pa mtoto aliyekwisha kuweza kushika kichwa chake.

KADI NA DAWA

Kadi ya kliniki ya mtoto ni karatasi, nayo haina uzito. Kwa hiyo husahauliwa. Lakini mtoto akiugua ugenini, kadi hiyo ndiyo imwambiayo tabibu uzito wake wa mwezi uliopita, na chanjo alizopata. Tanzania chanjo huanza siku ya kuzaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Mzazi atazame kabla ya kuondoka. Kama siku ya chanjo itamkuta safarini, amwendee mwuguzi mapema na kumwuliza, au achanje huko aendako, kadi ikiwa mkononi. Itiwe katika bahasha isiyopenya maji, iwekwe pamoja na fedha, maana hakuna asahauye fedha.

Kwa habari ya dawa, twasema wazi: mfuko wa mtoto si duka la dawa. Dawa ya homa ichukuliwe ile tu aliyoandikiwa mtoto huyo, pamoja na kipimo chake kwa uzito wake. Tena homa ya mtoto asiyetimiza miezi 3 si ya kutuliza kwa dawa garini. Yataka hospitali upesi.

Lakini iko dawa moja ambayo kila mfuko uwe nayo, nayo ni pakiti 2 za chumvi za kuchanganya na maji kwa ajili ya kuhara, zijulikanazo kwa jina la ORS. Mwaka 1971, katika vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi waliingia India na kushikwa na kipindupindu. Dawa za kutia mishipani ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis, katika kambi ya Bangaon, aliamuru wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi, hata na jamaa zao wenyewe. Kabla ya hapo walikufa karibu 30 katika kila 100. Kwa dawa hii walikufa chini ya 4. Jambo hili likawafundisha watu wa ulimwengu mzima ya kuwa mkono wa mama wenye kikombe na kijiko waweza kuokoa roho. Hata hivyo kuhara bado ni adui mkubwa: katika hesabu iliyotolewa mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilisema ya kuwa huua watoto zaidi ya 400,000 walio chini ya miaka 5 kila mwaka.

Namna ya kuitumia ni hii. Soma maandishi ya pakiti. Nyingi ni za lita 1 ya maji safi, wala usitie maji machache kuliko yaliyoandikwa. Mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kila aharapo, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwendelee polepole zaidi. Asiachishwe kunyonya. Kilichobaki baada ya siku moja kimwagwe. Pakiti ikikosekana kabisa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi, vyafaa kwa muda wa kutafuta msaada. Lakini mkiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, mtoto alia pasipo machozi, hakojoi, amelegea asiweze kunyonya, au kinyesi kina damu, safari yenu imekwisha hapo mlipo: ulizeni hospitali iliyo karibu, mkaendelee kumnywesha njiani.

WASHUKAO KUTOKA MLIMANI

Tumenena sana habari ya wapandao. Washukao wanayo hatari yao, nayo hainguruma. Mtoto aliyezaliwa Lushoto au mahali pengine pa baridi pengine hajaumwa na mbu wengi wa malaria. Anaposhushwa Mombo, Korogwe au Tanga kwa siku chache tu, mwili wake haujazoea ugonjwa huo. Basi chandarua chake kiende pamoja naye. Msitegemee wenyeji, maana nyumba yenye wageni wengi aghalabu haina chandarua cha akiba, na mwenyeji huona haya kusema. Chandarua kidogo kilichotiwa dawa hukunjwa kikawa kama mkate mmoja. Mbu wa malaria huuma hasa usiku. Kwa hiyo mtoto aingizwe chandaruani jua likiisha kuchwa, wala asiachwe sebuleni akipita mkono kwa mkono wakati wazee wazungumzapo.

Tena homa ya malaria haiji siku ile ile. Huanza kwa kawaida siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, wakati familia imekwisha kurudi mlimani na kusahau safari. Ndipo watu husema, "Ni meno," au "Ni baridi." Mtoto akipata homa baada ya kutoka tambarare, mpelekeni apimwe damu siku ile ile, nanyi mwambieni tabibu neno hili la kwanza: "Tulikuwa Tanga wiki mbili zilizopita."

VITU VYA KUACHWA NYUMBANI

Vitu hivi na vibaki nyumbani. Poda, maana vumbi lake huingia mapafuni mwa mtoto. Shanga, mikufu na kamba za shingoni, maana mtoto akilala garini zaweza kumkaba. Asali, ambayo haifai kabisa kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwa sababu yaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliviwezi. Dawa za maji za kikohozi au mafua zipewazo watoto ili walale safarini. Usingizi ule si wa heri, waweza kupunguza pumzi. Na vitu vya kuchezea vyenye vipande vidogo vinavyoweza kumezwa. Kijiko cha mti na kitambaa cha rangi vyamtosha.

NENO KWA AKINA BABA

Nanyi akina baba, msidhani ya kuwa makala hii si yenu. Katika nyumba nyingi baba hununua tikiti, hutangulia na mwavuli, na mama hufuata na mtoto mgongoni, mfuko mkononi na kikapu kichwani. Kufunga mzigo wa mtoto ni kazi ya wawili. Baba ajue kila kitu kilipo, ili mama akilala au akiugua, mtoto asikose kitu kwa kuwa mmoja tu ndiye ajuaye. Usiku wa kuamkia safari mmoja asome orodha, mwenziwe atie mfukoni.

Tena baba ndiye aghalabu achaguaye chombo. Pikipiki iliyobeba mama, mtoto na mfuko, mtoto akibanwa katikati ya watu wawili, si chombo cha mtoto mchanga, ijapokuwa nauli yake ni ndogo na stendi iko mbali. Ondokeni mapema mwende kwa miguu, au mshirikiane na jirani katika gari.

ORODHA YA KUBANDIKA MLANGONI

Twawaomba walimu wainakili orodha hii kwa herufi kubwa, na kuisoma mbele ya akina mama siku ya mkutano wao, kwa ajili ya wasiojua kusoma:

1. Kadi ya kliniki, pamoja na fedha.
2. Nepi: moja kwa kila muda wa saa 2, na 2 za akiba.
3. Vibunda 2 vya nguo safi.
4. Mfuko wa nguo safi na mfuko wa nguo chafu.
5. Sabuni na chupa ya maji ya kunawa.
6. Maji ya kunywa na chakula cha mama.
7. Kikombe, kijiko, na tunda lenye ganda kwa aliyepita miezi 6.
8. Doti moja ya kanga.
9. Sufu kwa apandaye. Chandarua kwa ashukaye.
10. Pakiti 2 za ORS.

Neno la mwisho. Siku nyingine safari haileti barua. Usiku wa manane mtoto apandwa na homa, au habari ya msiba yaja, na gari la kwanza laondoka alfajiri. Saa kama ile hakuna mtu awezaye kufikiri vema. Kwa hiyo yafaa mzigo wa mtoto ufungwe siku ya kurudi, wala si siku ya kuondoka. Mkifika nyumbani, fueni vilivyochafuka, jazeni vilivyopungua, tazameni tarehe ya pakiti za dawa, kisha uningʼinizeni mfuko mahali pake nyuma ya mlango. Chakula na maji tu ndivyo vya kutiwa siku yenyewe. Nyumba yenye mfuko kama huo yaweza kuondoka gizani katika muda wa kuwasha taa, na mtoto asikose kitu.